Kuingia serikalini kupima vumbi, kelele na kemikali za kazini

Tangazo la nafasi za ukaguzi wa usalama na afya mahali pa kazi likitoka, kwa kawaida mwombaji huwa na wiki mbili tu. Katika wiki hizo vijana hukimbilia kwa wakili kuthibitisha vyeti, hutafuta wadhamini watatu, huandika barua hadi usiku wa manane. Yote hayo ni ya lazima. Lakini ile sifa hasa, inayolifanya jopo la usaili limwone mtu anafaa kupewa mamlaka ya kuingia kiwandani na kumwambia mwajiri kwamba hewa ya humu inaumiza watu, haipatikani kwa wiki mbili. Hutafutwa miaka mitatu au minne kabla, darasani na kwenye mafunzo ya vitendo, yaani field. Kwa hiyo natamani makala hii imfikie mwanafunzi wa kidato cha nne na yule wa mwaka wa kwanza chuoni mapema kuliko mhitimu.

Nitazungumzia Tanzania Bara, ambako mwajiri mkuu wa kazi hii ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria inayoiongoza ni ile Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya enzi za ukoloni, ya mwaka 1950. Zanzibar ina sheria yake na utaratibu wake wa ajira serikalini, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba afuate njia za huko.

Wengi wanamfahamu mkaguzi wa OSHA kama mtu wa kuuliza kofia ngumu ziko wapi na mtungi wa kuzimia moto ulikaguliwa lini. Hiyo ni sehemu ya kazi. Sehemu ninayoizungumzia hapa inahusu madhara yasiyoonekana kwa macho: vumbi jembamba la silika kwenye mashimo ya Mererani, mvuke wa zebaki kwa wachenjuaji wa dhahabu wa Geita, moshi wa kuchomelea vyuma, kelele za vinu, joto la tanuri, viuatilifu kwenye mashamba ya maua. Mtu aliyeangukiwa na chuma hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Aliyevuta vumbi la silika hurudi nyumbani akicheka na wanawe, na kifua humbana miaka mingi baadaye. Silikosisi haina tiba, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Anayeweza kuwaokoa watu hawa ni yule aliyefika mapema na kifaa cha kupimia mkononi, akajua kukisoma.

Na hapo ndipo penye kiini cha sifa inayotakiwa. Kazi ina hatua nne: kukitambua kihatarishi, kukipima, kukilinganisha kipimo na kiwango kinachokubalika, kisha kukidhibiti. Waombaji wengi wanaijua hatua ya kwanza. Watakutajia makundi yote ya vihatarishi, vya kikemikali, vya kifizikia, vya kibaiolojia, vya kiegonomia, vya kisaikolojia, bila kukwama. Ukiwauliza vumbi linapimwaje, wananyamaza. Ukitaka kujitofautisha na mamia ya wenzako, jifunze kupima.

Anza na masomo ya sekondari. Kijana anayeipenda kazi hii asiikimbie fizikia. Kelele, mitetemo, joto, mwanga, mionzi na mwendo wa hewa ndani ya bomba la kunyonyea vumbi, yote ni fizikia. Kemia nayo ndiyo mlango mkuu, hasa kemia hai, kwa sababu vimumunyishi vinavyotumika kwenye rangi, gundi na viatu viko humo. Mchepuo wa PCB ndio unaofungua milango mingi zaidi, na PCM unamfaa anayeelekea uhandisi. Wa CBG bado anaweza kupata njia kupitia afya ya mazingira, ila ajue kwamba pengo la fizikia litamfuata hadi kazini, na alizibe mwenyewe.

Chuoni, shahada iliyo karibu zaidi na kazi hii ni ya sayansi ya afya ya mazingira, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Uhandisi wa kemikali, uhandisi wa mazingira, uhandisi wa madini na shahada ya kemia nazo humfikisha mtu, kutegemea tangazo linataka nini. Kabla ya kulipa ada, hakikisha programu unayoitaka imo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, au NACTVET kwa stashahada. Shahada isiyotambuliwa haitakusaidia hata ukiwa na alama za juu. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua masomo ya hiari, chukua toksikolojia, epidemiolojia, takwimu, fiziolojia na kemia ya uchambuzi. Takwimu huchukiwa, najua. Lakini mkaguzi anayepima wafanyakazi sita kati ya mia mbili lazima aweze kueleza kwa nini hao sita wanatosha kuwasemea wengine, na mwajiri mwenye wanasheria wazuri atamuuliza swali hilo hilo.

Field ndiyo sehemu inayopotezwa zaidi. Wanafunzi wengi huipokea kama wiki za kupata saini kwenye daftari. Huwekwa ofisi ya rasilimali watu, hupanga mafaili, hurudi chuoni na ripoti iliyonakiliwa kwa wa mwaka jana. Ukitaka kazi hii, iombe field yako miezi kadhaa kabla, kwa barua ya chuo inayotaja idara unayoitaka: kitengo cha usalama na afya cha kiwanda cha saruji, cha sukari, cha nguo, mgodi, au shamba la mkonge lenye korona (mashine ya kutoa nyuzi) na chumba cha kupigia nyuzi brashi, ambako vumbi huruka kutwa. Ofisi za kanda za OSHA nazo ziandikie. Ukifika, omba mambo matatu: kushuhudia upimaji walau mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kusoma ripoti za tathmini ya vihatarishi za miaka iliyopita, na kuongea na wafanyakazi wa zamani. Hilo la tatu halimo kwenye mwongozo wa chuo chochote, lakini mzee aliyesimama kwenye kinu kimoja miaka ishirini anajua upepo unageukia wapi saa nane mchana na nani ameanza kukohoa.

Ukikosa nafasi kwenye kiwanda kikubwa, usikae nyumbani. Karakana za kuchomelea, mashine za kusaga unga na viwanda vidogo vya mbao viko kila mtaa. Omba ruhusa kwa mwenye mali, kaa siku nzima, andika nani anafanya nini, kwa muda gani, akiwa umbali gani kutoka kwenye chanzo. Taasisi ya Marekani iitwayo NIOSH inatoa bure programu ya kupimia kelele inayofanya kazi kwenye iPhone. Kipimo cha simu hakiwezi kuwa ushahidi wa kisheria, lakini kwa kujifunzia kinatosha kabisa. Taasisi hiyo hiyo ina mwongozo wa mfukoni wa kemikali, nao ni bure, wenye viwango, dalili na njia za kupima kwa mamia ya kemikali. Mwanafunzi anayeupitia kurasa mbili tatu kila siku hatashikwa na bumbuwazi jina la kemikali likitajwa kwenye usaili.

Sasa tukae kidogo kwenye hesabu, maana ndizo zinazochuja.

Chukua vumbi. Mfanyakazi huvishwa pampu ndogo kiunoni, mpira unapanda hadi karibu na kola, na mwisho wa mpira kuna karatasi ya kuchujia iliyopimwa uzito kabla. Tuseme pampu inavuta lita 2 kwa dakika, na mfanyakazi ameivaa dakika 480, yaani saa nane. Hewa iliyopita ni lita 960, sawa na mita za ujazo 0.96. Karatasi ikiongezeka uzito kwa miligramu 0.48, kuna miligramu 0.5 za vumbi katika kila mita ya ujazo ya hewa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mambo yanayomtambulisha mtaalamu ni mawili yanayoizunguka. Kasi ya pampu huhakikiwa kabla na baada ya kazi, na ikiwa imebadilika kwa zaidi ya asilimia 5, sampuli hiyo ina mashaka. Pili, pamoja na karatasi zilizotumika, hupelekwa maabara karatasi nyingine iliyobebwa hadi kiwandani lakini haikuvutiwa hewa, ili kujua kama uzito uliongezeka kwa sababu ya safari tu. Taja mambo hayo mawili bila kuulizwa, na jopo litajua umewahi kushika pampu.

Halafu kuna wastani wa saa nane. Fundi anasaga mawe saa 3 kwenye hewa yenye miligramu 0.08 za silika kwa mita ya ujazo, anapakia saa 4 kwenye miligramu 0.04, na saa 1 anapumzika mahali safi. Zidisha kila kipimo kwa saa zake: 0.24, 0.16 na sifuri. Jumla ni 0.40, gawanya kwa 8, unapata 0.05. Je, amevuka kiwango? Sheria ya Marekani, iliyobadilishwa mwaka 2016, inaruhusu hadi 0.05, kwa hiyo yuko ukingoni kabisa. Kwa kiwango kinachopendekezwa na ACGIH, jumuiya ya wataalamu ya huko huko, ambacho ni 0.025, amekipita mara mbili. Ndiyo maana jibu lisilotaja limetumia kiwango gani ni nusu jibu. Kwenye usaili sema kwanza sheria na kanuni za Tanzania zinataka nini, kisha ndipo utaje za wengine.

Kelele ina mtego wake, kwa sababu desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Mashine mbili zenye desibeli 90 kila moja zikiwashwa pamoja hazitoi 180, zinatoa 93. Na kwa kanuni inayotumika sana duniani, desibeli 85 ndizo kikomo cha saa nane, na kila zikipanda 3 muda unapungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Mtu akizielewa namba hizi nne anaweza kumweleza mwenye kiwanda, bila kitabu, kwa nini mfanyakazi wa kinu chenye desibeli 94 hawezi kukaa hapo zamu nzima hata kama yeye mwenyewe anasema amezoea. Kuzoea huko mara nyingi ni dalili kwamba masikio yameanza kufa.

Upande wa kudhibiti, kuna swali ambalo ningelitarajia kwenye usaili wowote wa kazi hii, kwa sura moja au nyingine: umefika kiwanda cha kukoboa kahawa, vumbi ni jingi, utamshauri nini mwajiri? Wengi huanza na barakoa. Barakoa ni ya mwisho. Utaratibu ni kutafuta kwanza kama chanzo kinaweza kuondolewa kabisa, kisha kama kitu cha hatari kinaweza kubadilishwa na kingine chenye nafuu, halafu hatua za kihandisi kama kuifunika mashine, kunyonya vumbi pale linapotokea au kulowesha, halafu mpangilio wa kazi kama kupunguza muda wa mtu kukaa karibu, na vifaa kinga baada ya hayo yote. Sababu yake ieleze kwa maneno yako: mashine iliyofunikwa inawalinda watu wote, hata aliyechoka na aliyesahau, wakati barakoa inamlinda tu aliyeivaa vizuri, na kwenye joto la Dar es Salaam hakuna anayeivaa vizuri kwa saa nane.

Kuhusu kozi fupi nina msimamo. OSHA yenyewe huendesha mafunzo, ikiwemo kozi ya taifa ya usalama na afya kazini, na vipo vyeti vya kimataifa kama NEBOSH cha Uingereza vinavyogharimu fedha nyingi. Vina manufaa, hasa kwa anayetaka migodi na kampuni binafsi. Lakini sioni sababu ya familia kuuza ng'ombe ili mtoto apate cheti cha kimataifa wakati shahada yake hailingani na inayotajwa kwenye matangazo ya Serikali. Kozi fupi haizibi pengo la shahada. Fedha ikiwa kidogo, itumie kwenye nauli ya kwenda field nzuri.

Usiiangalie OSHA peke yake. Ujuzi huu huu wa kupima na kudhibiti unatakiwa kwenye Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani. Kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki, inayofuatilia mionzi kwa wafanyakazi wa hospitali na viwanda. Kwenye Tume ya Madini. Kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako kila dai la ugonjwa wa kazi linahitaji mtu wa kusema mgonjwa alikuwa kwenye mazingira gani. Na kwenye halmashauri, ambako maafisa afya mazingira ni wengi kuliko wakaguzi wa taasisi zote hizo. Jina la nafasi hubadilika toka tangazo moja hadi jingine. Soma majukumu. Ukiona kupima, kuchukua sampuli, kukagua mahali pa kazi au kutathmini vihatarishi, hapo ni pako. Mwenye shahada huanzia Daraja la II kwa kawaida, kwa hiyo usikatishwe tamaa na neno "afisa" au "mkaguzi" ukadhani ni cheo cha wazoefu.

Maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Fungua akaunti leo, hata kama hakuna tangazo, kwa sababu utahitaji namba ya NIDA, na ukigundua siku ya mwisho kwamba jina la NIDA halifanani na la cheti cha kidato cha nne hutakuwa na muda wa kufanya lolote. Herufi moja inatosha kukutoa. Majina yakitofautiana, shughulikia hati ya kisheria ya kuyathibitisha mapema. Jaza jina la programu yako kama lilivyo kwenye cheti, wala usilitafsiri au kulifupisha. Pakia cheti chenyewe pamoja na orodha ya alama: hati za matokeo za muda na zile za matokeo ya kidato cha nne na sita hazikubaliwi, na tangazo husema hivyo waziwazi kila mara. Aliyesoma nje ya nchi apate kwanza uhakiki wa TCU, NECTA au NACTVET. Umri usizidi miaka 45, uwe raia, na barua iwe na saini yako. Saini husahauliwa mara nyingi, na barua isiyo nayo huhesabiwa kama haipo.

Barua yenyewe iwe fupi. Usiandike kwamba wewe ni mchapakazi na unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, maana kila mtu ameandika hivyo. Andika ulichopima, wapi, kwa kifaa gani, na kilichobadilika baada yake. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kuliko ukurasa wa sifa.

Ukiitwa kwenye usaili, kwa kawaida kuna mtihani wa mchujo, siku hizi mara nyingi kwa kompyuta, na baadaye mahojiano, na baadhi ya kada huwa na usaili wa vitendo. Gharama za safari, chakula na malazi ni zako, kwa hiyo weka akiba tangu siku unayotuma maombi. Nenda na vyeti halisi na kitambulisho. Kwa mchujo, soma Sheria Na. 5 ya 2003 yote, hata kama ni ndefu: wajibu wa mwajiri, wajibu wa mfanyakazi, wawakilishi wa usalama na afya, uchunguzi wa afya za wafanyakazi, mamlaka ya mkaguzi. Kwenye mahojiano, usibuni. Jopo likikuuliza kiwango cha kemikali usichokikumbuka, sema ungekitafuta wapi na ungekilinganisha vipi. Mkaguzi anayebuni namba ni hatari kwa wafanyakazi na kwa mwajiri pia, na wanaokusaili wanalijua hilo.

Wapo wanaofaulu usaili lakini nafasi zikawa chache. Majina yao huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada ile ile ikipatikana hupangiwa kituo bila kusailiwa upya. Usibadilishe namba ya simu wala barua pepe uliyoiandika, na uwe unaingia kwenye akaunti yako kila wiki. Wakati unasubiri, omba utarajali kupitia programu ya kukuza ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, au ingia kiwandani kama msaidizi wa afisa usalama hata kwa mshahara mdogo, na uendelee kuandika kwenye daftari lako kila kipimo unachoshuhudia. Na barua ya kupangiwa ikifika, hesabu siku za kuripoti zilizoandikwa humo siku hiyo hiyo. Kituo kinaweza kuwa mkoa ambao hujawahi kukanyaga.